Mwalimu Kufuli na Njia ya Pili

Kitu cha kwanza ambacho mwandishi wa wasifu huu, mtoto wa kaka yake, alikitambua kwa marehemu ni kisigino. Mtoto anayecheza chini ya meza hawajui watu wazima kwa sura, anawajua kwa miguu, na siku ile miguu yote chini ya meza ilikuwa imetulia isipokuwa mmoja. Kisigino cha shangazi kilipiga sakafu bila kukoma, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba ambayo anajua fika kwamba ina watu. Juu ya meza sauti yake ilikuwa ya upole, inauliza habari za afya, inashukuru kwa chai. Chini ya meza alikuwa ameshaondoka zamani. Wote waliomfahamu, tangu mama yake mzazi hadi wanafunzi wake wa mwisho, walimfahamu hivyo: mtu aliyekaa mbele yako kwa adabu zote, huku ana safari.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968, mtoto wa pili na binti pekee wa dereva wa garimoshi na opereta wa simu. Alikulia katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, ambako vikombe vilitikisika kabatini kila treni ilipopita na watoto walijifunza mapema kupaza sauti. Baba alikuwa njiani zaidi ya alivyokuwa nyumbani. Mama alikaa mbele ya ubao wa simu wa posta, akichomeka na kuchomoa waya, akiyasikia ya mji mzima: nani kafilisika, nani anaachwa, nani anamzunguka nani. Hakuleta hata neno moja nyumbani. Majirani walimchokonoa, naye akawajibu, "Mimi naunganisha, sisikilizi," nao wakaondoka wakijua wazi kwamba anasikiliza, na wazi zaidi kwamba hatasema. Marehemu alipenda kueleza kwamba mwalimu wake wa kwanza wa usalama wa taarifa hakuwahi kugusa kompyuta.

Alipokuwa na umri wa miaka tisa aliazima simu ya dukani, akakaza sauti, akampigia msimamizi wa posta na kujifanya mke wa mkuu wa stesheni. Alisema ana haraka sana, opereta wa zamu anahitajika nyumbani kwake mara moja, na tafadhali asicheleweshwe. Msimamizi akatii. Mama alifika mbio, jasho linamtiririka, akamkuta binti yake mlangoni anatabasamu. Binti alikuwa amemkumbuka mama yake tu. Waliokuwepo walitegemea fimbo. Mama akakaa kwanza, akapumua.

"Msimamizi alikuuliza jina?"

"Hakuniuliza, mama."

"Kwa nini hakukuuliza?"

"Kwa sababu nilikuwa na haraka."

Fimbo ilikuja baadaye, kwa kuwa ilikuwa haki yake, lakini mazungumzo yale ndiyo yaliyobaki. Kila darasa jipya alilolifundisha lilisikia kisa hicho siku ya kwanza, na kila mara alikimalizia kwa namna moja: "Mtu mwenye haraka haulizwi jina. Ndiyo maana matapeli wote wana haraka."

Alianza shule ya msingi mwaka 1975, akaendelea na sekondari ya bweni ya wasichana, ambako ripoti zake zote zilifanana kana kwamba walimu walinakiliana: ana akili, hatulii. Mwaka 1989 alipata stashahada ya ualimu wa hisabati na akapangiwa shule ya sekondari ya mchanganyiko. Huko ndiko alikoiona kompyuta kwa mara ya kwanza. Shule ilikuwa imepewa zawadi ya mashine moja, na mwalimu mkuu aliitunza ofisini kwake chini ya kitambaa cha kufuma, juu yake chombo cha maua ya plastiki. Walioingia kuitazama walivua viatu.

"Mkuu, mashine hii ni ya kazi gani?" marehemu aliuliza.

"Ni ya thamani, mwalimu."

"Nimeelewa, mkuu. Ya thamani, ila ya kazi gani?"

"Ya thamani sana," mwalimu mkuu alijibu, akayanyoosha maua.

Marehemu akajitolea kufanya usafi wa ofisi ile kila Jumamosi. Muhula haujaisha, ratiba ya masomo ikaonekana kwenye ubao wa matangazo imechapwa safi, ina mistari iliyonyooka. Mwalimu mkuu alisimama mbele ya wenzake na kumsifu sana mpiga chapa wa ofisi ya elimu. Marehemu alipiga makofi pamoja na wengine. Kisha akajiandikisha masomo ya jioni, na baada ya miaka ya kufundisha mchana na kusoma jioni, alihitimu shahada ya sayansi ya kompyuta tarehe 27 Novemba 1998.

Aliajiriwa katika kitengo cha kompyuta cha benki moja. Alikaa huko kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu na kwa wengine ulikuwa mfupi. Alipogundua kwamba wafanyakazi wameandika maneno yao ya siri kwenye vikaratasi na kuvibandika chini ya vibao vya herufi, aliripoti mara ya kwanza, akaripoti mara ya pili, akaambiwa asubiri kikao. Kusubiri hakukuwa fani yake. Siku moja wenzake walipokwenda kula, alipita meza kwa meza akavigeuza vibao vyote chali, kama mende waliopuliziwa dawa, kila kimoja kinaonyesha siri yake hadharani. Ofisi nzima ilicheka isipokuwa meneja, ambaye kibao chake nacho kilikuwa chali. Baada ya hapo alifanya kazi katika kampuni moja, akahama, akaenda nyingine, akahama. Kaka yake alimwambia anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. "Kuku huyo hana kosa, kaka," alijibu. "Kosa ni kwamba hakuna aliyemwekea kiota."

Ndoa yake nayo ilianzia mlangoni. Taa za chumba cha mitambo ya benki zilikuwa zikizimika ovyo, na fundi umeme akatumwa. Alifika na begi lake la vifaa, lakini hakuwa na kitambulisho wala barua. Marehemu alimwacha nje akaanza kupiga simu kuuliza ni nani aliyemtuma. Fundi akasimama, akahamisha begi bega hili na lile, mwisho uzalendo ukamshinda.

"Dada, mimi nimekuja kutengeneza taa, sijaja kuposa."

"Hata ungekuja kuposa ningeuliza umetumwa na nani," marehemu alimjibu, simu ikiwa sikioni.

Mwaka uliofuata alikuja kuposa, na akaulizwa. Walifunga ndoa tarehe 12 Agosti 2000, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume. Fundi huyo, ambaye leo ni mgane, ameomba iandikwe kwamba kwa miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kumwona mke wake amekaa mpaka mwisho wa chakula.

Kiota kilipatikana mwaka 2013, juu ya karakana ya mafundi cherehani. Kilikuwa chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, kinachofikiwa kwa ngazi ya mbao, sakafu inayotetemeka kila vyerehani vya chini vinapokimbizana. Mumewe alipitisha nyaya. Kompyuta zilikuwa mitumba zilizokusanywa huku na huko, nyingine zikikohoa zinapowaka. Hapo marehemu alianza kufundisha usalama wa mtandao kwa watu ambao milango mingine ilikuwa imewafungia: wahitimu wasio na kazi, walioachishwa kazi, waliochoka na kazi waliyonayo. Wao ndio waliompa jina la Mwalimu Kufuli. Alilikubali, ila akawasahihisha kwamba kufuli ni kazi ya mwisho. Kazi ya kwanza ni kumjua anayebisha hodi.

Darasa hilo lilikuwa na desturi yake, ambayo wenyewe waliiita ndoano. Wakati wowote mwanafunzi angeweza kupokea ujumbe wa hila uliotungwa na mwalimu: benki inamwomba athibitishe akaunti, rafiki wa zamani ametuma picha, mwajiri anampa nafasi leoleo. Aliyebonyeza aliosha vikombe vya darasa zima kwa wiki nzima. Aliyenusurika ni yule aliyefuata kanuni, nayo ilikuwa moja tu: usijibu palepale, tafuta njia ya pili. Piga namba uliyokuwa nayo tangu zamani. Muulize mtu unayemjua. Bora kuliko yote, inuka uende ukaone kwa macho yako.

Mwanafunzi mmoja aliyekuwa dereva wa teksi, na ambaye bado anaitwa Dereva, alipokea ujumbe kwamba mke wake, aliyekuwa mjamzito, amejifungua salama, na picha ya mtoto iko hapa chini. Alibonyeza kabla hajamaliza kusoma. Mke alikuwa nyumbani anapiga pasi. Dereva alipanda ngazi ile na hasira iliyotangulia mbele yake.

"Mwalimu, hii si haki! Mtoto wangu!"

"Si haki hata kidogo," marehemu alikubali. "Je, tapeli atakuonea haki?"

"Kuna mambo hayachezewi, mwalimu."

"Hayo ndiyo atakayoyachezea. Hutaibiwa kwa kitu usichokijali, Dereva. Vikombe viko kule."

Mumewe alipokisikia kisa hicho hakupendezwa. "Mke wangu, siku moja utaugua kweli, watu wakudhanie unatega," alimwonya. Marehemu akasema siku hiyo atajua kwamba wamefaulu, akainuka kutafuta funguo zake.

Pamoja na utani huo wote, jambo moja lilimkosesha raha. Vyeti vya darasa lake havikutambuliwa popote. Mwanafunzi aliweza kuziba tundu ambalo wataalamu walilipita mara mia, lakini mwajiri alikigeuza cheti chake mbele na nyuma kama noti anayoitilia shaka, kisha akamrudishia kwa heshima. Kwa miaka mingi marehemu alilifuata baraza la mafunzo ya ufundi, akasimama kwenye korido zake, akaambiwa aje kesho, akaja kesho. Hatimaye baraza likakubali kulijaribu darasa la mwaka huu. Wanafunzi wajenge mtandao wa zahanati ya kubuni, wenye kumbukumbu za wagonjwa wa kubuni, na washambuliaji walioteuliwa na baraza wajaribu kuuvunja. Wakihimili, mafunzo yatatambuliwa, na waliohitimu miaka iliyopita watatambuliwa nao. Wakianguka, faili linafungwa. Mtihani ukapangwa Jumatatu tarehe 23 Juni 2025. Tangu siku ile, marehemu alikuwa na ombi moja tu duniani: aione Jumatatu hiyo.

Maradhi yalianza kumnyemelea mwishoni mwa mwaka jana. Mafundi cherehani walifurahi kwamba Mwalimu Kufuli, ambaye zamani aliwapita kama upepo, sasa anasimama chini ya ngazi, anauliza habari za watoto wao, anasifia mishono. Waliamini amekuwa rafiki yao. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi za kupandia ngazi. Rafiki yao alikuwa kweli, ila alikuwa pia anatafuta pumzi. Daktari alimweleza kwamba moyo umepanuka na umechoka.

"Inabidi utulie, mama."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka moyo nao utulie."

"Huu haujatulia tangu nizaliwe. Nipe dawa ya kunifikisha Juni."

Mwezi Mei alizidiwa akalazwa hospitali kuu, wodi ya wanawake. Akiwa kitandani aliwaandikia wanafunzi wake ujumbe: amelazwa, wafike kuchukua funguo za darasa, mazoezi yasisimame. Hakuna aliyejibu. Akaandika tena, akataja wodi. Kimya. Mumewe alimtazama kwa jicho la nilikuambia, akajizuia kusema kwa sababu ya ugonjwa.

Ukweli ni kwamba darasa lilikuwa limekaa juu ya karakana likiujadili ujumbe ule kama bunge. Dereva aliapa kwamba safari hii haoshi kikombe. Wengine walisema ndoano imekolezwa mno, ina funguo, ina wodi, ina haraka. Wakatafuta njia ya pili. Simu ya mume ilikuwa imeisha chaji. Hospitali ikajibu kwamba haitoi habari za wagonjwa kwa simu, jibu ambalo darasa zima lilikiri kwamba ni sahihi. Hapo kiranja wao, mwanamke aliyewahi kuwa muuguzi na ambaye wanamwita Nesi, akasema maneno yamekwisha, akainuka akaenda.

Nesi alisimama miguuni pa kitanda. Alimwona mwalimu wake kwa macho yake mawili, mrija wa dripu mkononi, miguu imevimba chini ya shuka.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani. Somo la mwisho uliishia wapi?"

"Nesi, si unaniona?"

"Nakuona, mwalimu. Uliishia wapi?"

Marehemu alicheka mpaka mrija ukacheza na muuguzi wa zamu akaja mbio. "Niliishia kwenye nakala za akiba," alisema akijishika kifua, "na Dereva alikuwa anasinzia."

Nesi akainua simu ambayo wakati wote huo alikuwa ameishika wazi mkononi. "Ni yeye," aliwaambia waliokuwa wakisikiliza upande wa pili. "Njooni."

Walikuja. Mume wake anasema hakumwona mkewe na furaha ile tangu siku ya harusi, na kwamba kwa haki kabisa hata siku ya harusi haikufikia hapo. Tangu siku hiyo wodi ikawa darasa. Walimjia wawiliwawili na kompyuta mpakato, wakamwekea mtandao wa zahanati juu ya magoti, naye akautoboa kwa maswali. "Huyu mfamasia wenu wa kubuni, kwa nini anafungua faili la mhasibu?" "Mlango huu wa nyuma ni wa nani? Msiniambie ni wa muda. Wizi wote hupitia kwenye vitu vya muda." Wauguzi walimfukuzia wageni, akawaahidi kupumzika, na walipogeuka akawa anauliza swali jingine. Alipopewa ruhusa ya kwenda nyumbani alifika, akazunguka vyumba vyote, akauliza tarehe. Kabla wiki haijaisha alirudishwa hospitali.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, mume wake akiwa kando ya kitanda. Mazungumzo yao ya mwisho yalikuwa mafupi.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

Marehemu alifikiri kidogo. "Mbali," alisema, kwa sauti ya mtu anayepima safari. Hakusema tena.

Binti yake ndiye aliyewaandikia wanafunzi: mama ametutoka. Akangoja pole zao. Hazikuja. Binti alilia mara mbili asubuhi ile, mara moja kwa ajili ya mama na mara nyingine kwa ajili ya simu ile iliyonyamaza. "Hata neno moja, baba? Watu aliowafia!" Baba yake alitaka kumweleza, akashindwa aanzie wapi.

Muda si mrefu Dereva alionekana getini. Alikuwa amekimbia, shati limemganda mgongoni. Aliviona viti vinatolewa nje, aliwaona wanawake wamemshika mkono mama mzazi wa marehemu, aliona kila kitu ambacho mtu huhitaji kuona. Bado alisimama palepale, hakuingia.

"Mzee," alimwita mume wa marehemu. "Nambie tu. Ni ndoano?"

"Hapana, mwanangu."

"Mzee, nitaosha vikombe mwaka mzima. Nambie ni ndoano."

"Si ndoano, mwanangu. Ingia ndani."

Dereva akavua kofia. Alitoa simu, akajaribu kuwaandikia wenzake, vidole vikakataa. Mume wa marehemu akaichukua ile simu na kuwaambia kwa mdomo wake mwenyewe. Waliposikia sauti yake, sauti wanayoijua, ndipo walipoanza kulia, wote kwa pamoja, juu ya karakana ya mafundi cherehani. Wanasema vyerehani vya chini vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

Wasifu huu ulikuwa tayari kupelekwa kuchapwa pale jambo jingine lilipotokea, na familia imeona lisiachwe nje. Juzi Alhamisi kila mwanafunzi alipokea baruapepe yenye nembo ya baraza. Ilitoa rambirambi kwa maneno mazuri mno, ikamtaja marehemu kuwa nguzo iliyoanguka, na ikasema kwamba kwa heshima yake mtihani umeahirishwa. Wanafunzi waingie kupitia kiungo kilichowekwa, waandike majina yao na maneno yao ya siri ya mtandao wa mtihani, wapangiwe tarehe mpya.

Walikuwa hawajalala tangu Jumanne. Walikuwa wamekaa nyumbani kwa marehemu, macho mekundu, wengine hawajagusa chakula. Kila mmoja wao alitaka iwe kweli. Mmoja aliyekuwa karibu na mlango alikuwa ameshafungua kiungo, ameshaanza kuandika jina lake, Nesi alipomshika mkono.

"Unataka iwe kweli?" alimuuliza.

"Nataka, dada. Sina nguvu za Jumatatu."

"Mimi pia nataka. Sasa si ndiyo maana tuulize?"

Nesi na Dereva walitoka msibani na nguo zao za msiba wakaenda mpaka ofisi za baraza. Walipanda ghorofani, wakasimama mbele ya karani wa mitihani, wakaonyesha ile baruapepe. Karani akaisoma, akaisoma tena, akawatazama kwa namna ambayo Dereva anasema hataisahau.

"Hatujaahirisha chochote," alisema. "Kuna mmoja wenu aliyejaza?"

"Hakuna."

"Basi siruhusiwi kuwaambia zaidi ya hapo. Poleni sana na msiba."

Hakuhitaji kusema zaidi. Washambuliaji wa mtihani walikuwa wameshaanza kazi, na walikuwa wameanza na watu kabla ya mashine. Neno moja tu la siri lingetoka mikononi mwa wenye majonzi wale, zahanati ya kubuni ingekuwa imefunguliwa milango kabla Jumatatu haijafika.

Habari zilipofika nyumbani, kaka wa marehemu aliruka kwenye kiti. "Wamekifanya kifo cha dada yangu chambo! Watu gani hawa?" Alitaka kwenda kwenye ofisi za baraza papo hapo. Mabega ya mume wa marehemu yakaanza kutikisika, na waliokuwa karibu wakakimbilia kumshika wakidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Shemeji, keti," alisema akifuta macho. "Angekuwa yeye upande ule, angewatumia Jumanne ileile."

Mama mzazi wa marehemu aliuliza swali moja tu. "Kuna aliyebonyeza akamaliza?"

"Hakuna, bibi."

"Haya," alisema. Akaomba chai, ya kwanza tangu Jumanne.

Jana mkuu wa mitihani alifika nyumbani mwenyewe, kwa miguu yake, akaomba radhi na kuieleza familia kwamba washambuliaji walipewa kanuni za kazi kabla ya msiba kutokea, na mmoja wao akaona nafasi. Alisema kwamba wanafunzi wakitaka kweli kuahirisha, safari hii kwa kinywa chake, anaruhusu. Waliomba wakajadiliane nje. Sauti zilisikika mpaka sebuleni, hazikuwa za upole zote. Mwisho alirudi Nesi.

"Tunashukuru, mzee. Tukiahirisha tutakaa nyumbani tunalia. Tukifanya, tutalia huku tunafanya kazi."

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mume, binti, mtoto wa kiume, kaka, wifi, na watoto wa kaka yake watatu. Ameacha pia madarasa yote yaliyopanda ngazi ile ya mbao, ambayo wenyewe hupenda kuhesabiwa kama watoto, na familia imekubali wahesabiwe.

Wanafunzi wa darasa la mwisho wanaomba radhi mapema: mara baada ya mazishi wataondoka bila kuaga vizuri, kwa kuwa bado kuna tundu moja kwenye seva ya zahanati ambalo marehemu aliliona na wao hawajaliziba. Mume wake amekagua nyaya zote za chumba kile na kuazima jenereta. Mafundi cherehani wametangaza kwamba Jumatatu hawatashona. Washambuliaji wataingia saa tatu asubuhi, na majibu yanatarajiwa siku hiyohiyo kabla ya jua kuzama. Familia itakuwa chini ya ngazi, ikisubiri. Inamtakia mpendwa wake mapumziko mema, kazi ambayo hakuwahi kuifanya, na haimlazimishi kuianza kabla ya Jumatatu jioni.